Stata Kubwa Ambayo Haikununuliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Injini ya Ndege ya Mfano Malindi

Msimu wa kaskazi uliopita niliitwa na mzee mmoja wa hapa Malindi, fundi wa mashine za boti aliyestaafu, nimsaidie kuchagua stata mpya, yaani mota ya umeme ya mkononi, ya kuwashia injini ya ndege yake ya mfano, ile inayorushwa kwa rimoti ya redio. Jibu alikuwa nalo kabla sijaketi: stata aliyonayo ni dhaifu, anataka iliyo kubwa zaidi, na kazi yangu ni kumtajia ipi. Mimi ni fundi umeme, na ndege hizi nimezizoea kidogo. Nilimwomba, kabla ya kutaja jina la stata yoyote, anionyeshe vifaa vyote ambavyo yeye na mpwa wake walikwenda navyo uwanjani, hata vile alivyoviona havihusiki.

Ndege yenyewe aliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akihama mji. Ni ya kujifunzia, yenye bawa la juu la urefu wa mita moja na nusu na ziada, na puani ina injini ya mipigo miwili yenye nambari 46. Nambari hiyo ni sehemu 46 kwa mia za inchi moja ya ujazo, yaani takriban sentimita 7.5 za ujazo, na rafadha yake, lile panga linalozunguka puani, ni ya inchi 11. Injini ya aina hii haina koili wala plagi ya cheche. Ina plagi ya glo, ambayo ndani yake mna kijiwaya cha platinamu kilichosokotwa kama springi ndogo. Kijiwaya hicho hupashwa moto kwa betri ya volti moja na nusu hivi wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, joto la mwako pamoja na mvuke wa methanoli unapokutana na platinamu hukiweka chekundu, na betri huondolewa. Kwa hiyo mtu aendaye uwanjani anahitaji umeme wa namna mbili zilizo mbali sana: volti moja na nusu kwa plagi, na volti kumi na mbili kwa stata. Mzee aliifikiria hiyo ya pili peke yake.

Uwanja waliouchagua ni tambarare kavu iliyo mbele ya Mambrui, upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu mno na mji. (Habari ya ruhusa ilikuwa imekwisha kushughulikiwa, nami siiingizi humu.) Safari yao ni ya pikipiki, mpwa wake akiendesha, bawa likiwa limefungwa ubavuni ndani ya gunia na mzee akiwa amepakata kiwiliwili cha ndege. Jambo hilo la pikipiki msomaji asilisahau, kwa sababu ndilo lililoamua nusu ya mambo yaliyofuata.

Siku ya kwanza hawakuwa na betri ya stata. Stata ilikuja pamoja na ndege, lakini betri yake ilikuwa imekufa zamani. Mpwa akafungua kifuniko cha pikipiki, akaunga waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita tatu kutoka kwenye betri, ili ndege ikae mbali na pikipiki. Plagi ya glo wakaipa betri moja kubwa ya tochi, ile ya bei nafuu. Wakaziba kabureta kwa kidole, wakazungusha rafadha mafuta yapande, wakaweka stata. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Wakaongeza mafuta. Ikanyamaza tena. Wakaongeza mafuta mara ya tatu na ya nne, na mara ya tano stata ikaguna, ikasimama, haikuweza tena kuisukuma rafadha ivuke kompresheni, yaani mbano wa ndani ya silinda. Si mbali na hapo ni Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, na mzee aliniambia kwa uchungu uliochanganyika na kicheko kwamba wenziwe walipeleka chombo angani kutoka pwani hii hii, naye ameshindwa na injini inayoingia mfukoni.

Nilianza na plagi, si na stata. Niliifungua kichwani mwa injini, nikaipa betri ile ile ya tochi mkononi. Kijiwaya kiliwaka, lakini kwa wekundu wa kaa linalokaribia kuzimika, na baada ya sekunde chache kikafifia. Plagi ya kawaida hutaka ampea tatu hivi. Betri ya tochi ya bei nafuu inayo volti moja na nusu ikiwa haina mzigo. Ikidaiwa ampea tatu, hushuka haraka chini ya volti moja, na ndani ya silinda yenye mafuta baridi kijiwaya hicho hakiwaki kabisa. Kosa la pili ambalo watu hulifanya wakikimbia kosa la kwanza ni kuchukua seli moja ya betri ya risasi, yenye volti mbili, wakaiunga moja kwa moja. Hiyo huikata plagi mara moja, na plagi hapa kwetu haiuzwi dukani kama kiberiti. Kilicho sahihi ni seli moja ya nikeli yenye volti 1.2 na umbo nene, ambayo upinzani wake wa ndani ni mdogo kiasi kwamba ampea tatu haziishushi, ikiwa imewekwa ndani ya kishikio kinachojifunga juu ya plagi. Volti zake zaonekana chache kwenye karatasi, lakini zafika zote.

Wakati plagi iko nje, nilimwambia kijana azungushe rafadha kwa mkono. Mafuta yaliruka kupitia tundu la plagi yakamlowesha kifua. Hapo mzee, ambaye ameishi na mashine miaka arobaini, alielewa bila kuelezwa, akanyamaza kwa muda.

Jambo lenyewe ni hili. Mafuta ya maji hayabanwi kama hewa. Silinda ikiwa imejaa mafuta kuliko nafasi iliyobaki pistoni inapofika juu, pistoni haiwezi kumaliza safari yake, na nguvu yoyote inayoendelea kuisukuma huishia kwenye konrodi, kiungo kati ya pistoni na shafti inayozunguka. Konrodi ya injini ya sentimita 7.5 ni kijiti cha aluminiamu kisichozidi urefu wa kidole. Stata yao ilisimama kwa sababu ilikuwa imenyimwa umeme. Kama ingekuwa na nguvu zake zote, au kama mzee angekuwa amekwisha kununua ile kubwa aliyoitaka, siku hiyo hiyo konrodi ingepinda. Yaani ule udhaifu aliokuwa akiulalamikia ndio uliomsalimishia injini. Tangu hapo sharti la kwanza katika kisa hiki, kabla ya kifaa chochote, likawa kwamba rafadha huzungushwa kwa mkono duara mbili kamili kabla stata haijagusa pua, na ikigoma, plagi hufunguliwa mafuta yatoke.

Baada ya kuikausha injini tulirudi kwenye swali la stata. Niliunga kila kitu kama walivyounga uwanjani, nikaweka mita ya kubana waya inayopima umeme wa moja kwa moja, nikamwambia kijana asukume stata kwa sekunde mbili tu, kwa sababu mota iliyozuiwa kuzunguka huungua. Mita ilisoma ampea 38. Kwenye nguzo za betri ya pikipiki palikuwa na volti 10.3. Kwenye stata yenyewe zilifika volti 7.4.

Volti tatu zilikwenda wapi? Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una upinzani wa takriban miliohmu 12 kwa kila mita. Mita tatu kwenda na mita tatu kurudi ni mita sita, yaani miliohmu 72, na ukizidisha kwa ampea 38 unapata volti 2.7 zilizopotea njiani zikiupasha waya moto. Vibanio vilivyoota kutu ya kijani ya chumvi vilikula zilizosalia. Waya ule ule ukiwasha taa mbili za sebuleni hauna lawama. Umepewa kazi isiyo yake. Nilimwonyesha mzee hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, naye akaniuliza swali zuri: je, stata kubwa zaidi isingeyashinda hayo? Isingeyashinda, kwa kuwa stata kubwa hudai ampea nyingi zaidi, na waya ungezila volti nyingi zaidi. Angelipa fedha ili hali iwe mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kwa hiyo uchaguzi ulihama. Stata ya zamani ilionekana inatosha kwa injini ya ukubwa huo, na tuliloanza kulichagua ni chanzo cha umeme na namna ya kukibeba. Hapo ndipo mjomba na mpwa walipotofautiana, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Kijana alitaka betri ya lithiamu polima ya seli tatu, ya miliampea-saa 2200, ifungwe nyuma ya stata yenyewe kusiwe na waya mrefu wala sanduku. Hoja yake ilikuwa na uzito, au tuseme ilikuwa na wepesi: betri hiyo haifiki robo kilo. Ikiwa imeandikwa 25C, yaani huweza kutoa ampea mara 25 ya ampea-saa zake, inaweza kutoa ampea 55, ambazo ni zaidi ya zile stata inazozidai ikizuiwa. Wengi huidharau wakiona namba 2200 mbele ya betri ya ampea-saa saba, lakini hesabu ya uwanjani haiwaungi mkono. Kuwasha mara moja kwa sekunde tano kwa ampea 30 ni ampea-sekunde 150, yaani sehemu ndogo ya ampea-saa, takriban 0.04. Kuwasha mara kumi hakufikishi nusu ampea-saa. Mtu wa stata hahitaji tangi kubwa. Anahitaji mdomo mpana wa tangi.

Mzee alitaka betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa saba, ile inayowekwa ndani ya UPS na king'ora cha nyumba. Ina zaidi ya kilo mbili. Akasema, "Mwanangu, hii ikifa Jumamosi asubuhi nitaipata nyingine hapa hapa mjini kabla ya adhuhuri. Hiyo yako tutaiagiza Nairobi, tuketi tukiingoja." Kijana akajibu, "Mjomba, kilo mbili hizo utazipakata wewe na ndege?" Sikuona haja ya kuingilia, maana yote mawili yalikuwa kweli.

Kilichonielekeza mimi ni mazingira ya betri kati ya safari moja na nyingine, si siku ya kuruka. Betri ya lithiamu polima hutaka chaja inayosawazisha seli, isishushwe chini ya volti tatu na kidogo kwa kila seli, na ikiwekwa muda mrefu iachwe kwenye volti 3.8 hivi kwa seli, wala si tupu wala si kujaa. Joto huiharibu, na sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki kwenye jua la mashamba ya chumvi ni tanuri. Ikivimba, ikitobolewa au ikichajiwa ovyo, huweza kuwaka moto, na katika safari hii ingekaa sanduku moja na lita mbili za mafuta ya methanoli, ambayo mwali wake mchana hauonekani. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuitunza betri ya namna hiyo. Betri ya risasi nayo ina lake: ikiachwa bila chaji hujenga salfeti kwenye sahani zake na kufa kimyakimya, ndiyo maana ile ya Mtaliano ilikuwa maiti. Lakini mzee ana sola juu ya paa yenye kidhibiti cha chaji, na betri ya ampea-saa saba ikichajiwa mara moja kila baada ya safari, na tena kila miezi miwili mitatu kama haikutumika, itadumu. Kosa la betri ya risasi hugharimu betri. Kosa la ile nyingine laweza kugharimu zaidi.

Laiti kisa kingekuwa cha Lamu, ningehukumu kinyume. Huko mtu hushuka jahazini au kwenye boti akabeba vyake kwa mikono mchangani, na anayekuja kwa ndege ataruhusiwa kwa kawaida kuingia na betri ndogo ya lithiamu kwenye mzigo wa mkononi, kwani ya seli tatu na miliampea-saa 2200 ni kama watti-saa 24 tu, chini sana ya kikomo cha 100. Mafuta ya methanoli ndiyo yasiyopanda ndege kwa hali yoyote. Kilo mbili huko ni kilo mbili kweli.

Njia ya tatu, ya kuwasha kwa kijiti bila stata, niliipigia debe nikashindwa nusu. Injini ya sentimita 7.5 yenye plagi nzuri na mafuta ya kiasi huwaka kwa kuichapa rafadha kwa kijiti kilichovishwa mpira wa bomba, na watu walizirusha ndege hizi hivyo kwa miaka mingi. Mzee hakutaka kusikia, kwa sababu vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjuki vizuri tena. Tulikubaliana kijiti kiwemo sandukuni kama akiba ya kijana. Kidole peke yake, bila kijiti, nilikikataza kabisa. Rafadha ya nailoni ya inchi 11 haichagui baina ya hewa na nyama.

Sanduku lililotengenezwa na seremala wa jirani lina betri chini katikati, ili uzito ukae juu ya kibebeo cha pikipiki pasipo kuyumba, mafuta upande mmoja, na stata imelala juu. Waya wa stata sasa ni wa milimita 6 za mraba, urefu wa sentimita 80 tu, kwa kuwa sanduku huwekwa ubavuni mwa pua ya ndege badala ya ndege kuwekwa mbali na sanduku. Upinzani wa njia nzima umeshuka hadi miliohmu tano hivi, na upotevu kwa ampea zile zile 38 ni volti 0.2. Karibu na nguzo ya betri niliweka fyuzi ya gari ya ampea 40. Betri hizi zikiguswa nguzo mbili kwa bisibisi hutoa mamia ya ampea bila kuuliza, na sanduku la mbao lenye methanoli si mahali pa kufanyia jaribio hilo. Nguzo zote zilipakwa grisi kwa ajili ya upepo wa chumvi.

Jambo la soketi nililisisitiza kuliko mzee alivyoona inafaa. Stata ya sumaku ya kudumu ukigeuza nyaya zake huzunguka kinyume, na injini ya mipigo miwili haina habari ya mbele wala nyuma. Yaweza kuwaka ikizunguka kinyume, nati ya rafadha ikalegea, na rafadha ikatoka mzima mzima. Anayeitazama pua ya ndege aione rafadha ikizunguka kinyume cha saa. Tuliondoa vibanio vyote tukaweka soketi isiyoingia ila upande mmoja, kisha tukajaribu stata hewani kabla haijakaribia ndege.

Tulibishana pia juu ya paneli ya umeme, ile inayounganisha pampu ya mafuta, plagi na stata mahali pamoja. Naipenda kwa sababu moja tu, nayo ni kipimo chake cha ampea. Plagi iliyokatika husoma sifuri. Plagi iliyolowa husoma juu kuliko kawaida, kwa kuwa platinamu iliyopoa hupitisha umeme zaidi kuliko iliyo nyekundu, na sindano hushuka taratibu mafuta yanapokauka. Kwa injini iliyofurika kama yao, sindano hiyo ingewaambia ukweli katika jaribio la pili. Hata hivyo mzee alikataa waya mwingine kupita karibu na rafadha, na kishikio kidogo chenye seli yake ndani, ambacho huondolewa kutoka nyuma ya injini mkono usivuke mbele ya rafadha, kikashinda. Tulichagua kile chenye kijipimo juu yake, ili nisishindwe moja kwa moja.

Walikwenda tena Gongoni alfajiri moja kabla ya upepo kukaza. Rafadha ilizungushwa kwa mkono duara mbili, kabureta ikaachwa wazi robo, kishikio kikabanwa, stata ikagusa pua. Injini ilishika kabla ya sekunde ya tatu. Asubuhi ile waliiwasha mara saba, na jioni nilipoipima betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7, kana kwamba haikutoka nyumbani.

Lililobaki ni pete ya mpira iliyo ndani ya kikombe cha stata, ile inayoshika pua ya rafadha. Imepasuka upande mmoja, na mafuta ya mbarika, yale yanayochanganywa na methanoli, yaliyotapakaa yanaifanya iteleze. Mzee amekata pete nyingine kutoka tairi la ndani la lori, na kijana ameagiza ya dukani kimya kimya.